Nywele kavu: mwongozo kamili wa kuzihudumia nyumbani, kuanzia ndoo ya maji hadi kitambaa cha kulalia

Malalamiko yanayonifikia kuhusu nywele karibu yote yanafanana. Mtu amepaka mafuta asubuhi, kichwa kinang'aa, na ikifika saa nane mchana nywele zimekauka kama makuti. Anaongeza mafuta. Kesho anaongeza tena. Mwisho wake kichwa kinawasha, foronya imejaa madoa, na nywele bado zinakatika akizigusa tu na chanuo.

Tatizo ni moja: mafuta hayana maji ndani yake. Unywele mkavu unadai maji, na kazi ya mafuta ni kuyafungia yasitoke. Ukipaka mafuta juu ya unywele usio na maji, umeufungia ukavu ndani na maji nje. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo. Ukiona hatua fulani ina usumbufu, soma kwanza sababu yake kabla hujairuka.

Nimewaandikia zaidi wenye nywele za asili za kipilipili. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka kwenye unywele uliojikunja, ndiyo maana ncha zako huwa kavu hata pale ambapo shina lina mafuta. Mwenye nywele za dawa anaweza kufuata hatua hizi hizi, ila awe mpole maradufu anapochana, kwa sababu dawa imeshadhoofisha unywele. Mwanaume au mtoto mwenye nywele fupi zinamtosha hatua ya 3, ya 4 na ya 8.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa kichwa

- Maji safi, lita 8 hadi 10, na ndani yake lita 3 ziwe maji laini kabisa, yaani yasiyo na chumvi wala madini mengi (nitaeleza hapo chini)
- Shampuu laini
- Kondishena ya kuosha, chupa kubwa, kwa sababu utaitumia kwa wingi
- Kondishena ya kuacha kichwani, au krimu ya nywele ambayo kiungo chake cha kwanza ni maji
- Mafuta ya nazi, na mafuta mengine mazito kidogo kama ya mnyonyo au siagi ya shea
- Chanuo lenye meno mapana yaliyoachana
- Vibanio 6 hadi 8
- Chupa ya kupulizia
- Kofia ya plastiki ya kuogea
- Fulana kuukuu ya pamba na taulo moja
- Siki, kijiko kimoja tu cha chakula
- Kitambaa au kofia ya satini ya kulalia

Ukiwa dukani, geuza chupa usome nyuma. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Krimu iliyoandikwa Aqua au Water mwanzoni inaleta maji. Iliyoanza na Petrolatum (mafuta ya mgando) au Paraffinum Liquidum (mafuta ya madini) ni ya kufungia tu, hata kama mbele wameandika kwa herufi kubwa kwamba inalainisha nywele kavu. Krimu nyingi za kopo zinazouzwa madukani kwetu ni za aina hiyo ya pili, na watu huzinunua wakidhani wamenunua unyevu.

Jambo jingine la kwenye lebo: usiogope Cetyl Alcohol, Cetearyl Alcohol wala Stearyl Alcohol. Hizo ni aina za mafuta zinazolainisha. Ya kukwepa kwenye kitu kinachobaki kichwani ni Alcohol Denat ikiwa miongoni mwa viungo vya mwanzo. Hiyo hukausha.

## Kwanza kagua maji yako

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka bila kujua. Unaweza kununua vitu vizuri vyote na ukaviharibu kwa maji ya kisima.

Maeneo mengi ya Dar es Salaam na ya mwambao hutumia maji ya visima yenye chumvi. Ukienda bara, maji yanaweza kuwa hayana ladha ya chumvi lakini yana madini mengi, hasa kalisi na magnesi. Yote mawili huacha mabaki juu ya unywele. Unakuwa mgumu, hauna mng'ao, na kondishena inashindwa kuushika.

Namna ya kupima ni hii. Angalia birika au sufuria unayochemshia maji: kama chini kuna ukoko mweupe, maji yana madini. Kisha chukua chupa mbili ndogo, moja tia maji yako nusu, nyingine maji ya mvua nusu. Kwangulia vipande vidogo vya sabuni ya mche kwenye kila chupa, kiasi sawa, funga na utikise. Maji ya mvua yatatoa povu refu. Maji yenye madini yatatoa povu dogo linalokufa upesi, na maji yenyewe yatabaki na weupe kama yamechafuka. Weupe huo ndio unaokwama kwenye nywele zako kila ukiosha kwa sabuni.

Ukigundua maji yako ni mabaya, si lazima uhame nyumba. Osha kwa maji hayo hayo ukitumia shampuu badala ya sabuni, halafu tenga lita 3 za maji laini kwa suuzo la mwisho. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Kuchemsha hupunguza sehemu ya madini, na ukoko ule ubaki chini ya sufuria, ila chumvi haitoki kwa kuchemsha. Kwa maji ya chumvi, tafuta ya mvua au ya bomba.

## Hatua ya 1: Fumua na gawa

Fumua nywele zote zikiwa kavu, kwa vidole, kuanzia ncha kwenda juu. Kama umefumua rasta zilizokaa muda mrefu, utaona uchafu mweupe au wa kijivu pale rasta ilipoanzia. Uondoe kwa vidole kabla ya kutia maji. Ukiulowesha ukiwa pale pale hukaza na kuwa fundo.

Usishtuke na nywele utakazoziona mkononi. Kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zilizokuwa zimenaswa ndani ya msuko zote hutoka siku ya kufumua. Iliyong'oka yenyewe ina kinundu kidogo cheupe mwisho mmoja. Iliyokatika haina, na huwa fupi. Ukiona fupi nyingi, hizo ndizo tunazohangaikia hapa.

Gawa kichwa sehemu 6 hadi 8, kila moja ibane. Kuanzia sasa mpaka hatua ya 8 utafanya kazi sehemu kwa sehemu.

## Hatua ya 2: Mafuta ya nazi kabla ya maji

Paka mafuta ya nazi kwenye unywele, zaidi kwenye ncha, yakae nusu saa mpaka saa nzima. Ukipenda, yapake usiku uliotangulia.

Sababu: unywele ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na kuvimba na kusinyaa huko mara kwa mara kunauchosha. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na nyoofu kiasi cha kupenya ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Kwa hiyo mwenye alizeti jikoni asidhani ni yale yale.

Ya kupika nyumbani yanafaa sana. Kuna nazi, kamua tui zito la kwanza bila kuongeza maji mengi, bandika kwenye moto mdogo na ukoroge mpaka maji yakauke, mafuta yajitenge, na masimbi ya chini yaanze kuwa ya kahawia. Epua hapo hapo. Ukichelewa mafuta hunuka moshi. Yachuje mara mbili kwa kitambaa safi, kwa sababu masimbi na maji yakibaki ndani, mafuta yatachacha ndani ya siku chache. Yakiganda kwenye baridi ya Njombe au Arusha hayajaharibika. Weka chupa kwenye maji ya moto yatayeyuka.

Tahadhari: mwenye mba asiyapake kwenye ngozi ya kichwa. Kuvu wanaochochea mba hula mafuta.

## Hatua ya 3: Osha ngozi, usisugue nywele

Lowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu. Changanya shampuu na maji kidogo ndani ya kikombe, mimina kwenye ngozi ya kichwa, kanda kwa ncha za vidole. Usitumie kucha. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuosha urefu wa nywele. Huhitaji kuzirundika juu ya kichwa na kuzisugua kama nguo, maana hapo ndipo mafundo yanapozaliwa.

Mara moja kwa wiki, au kila siku 10, inatosha. Kama una jasho jingi au mba, usipitishe wiki.

Sabuni ya mche au ya kuogea iache kabisa. Pia magadi. Sabuni za kipande huwa na pH (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi inapungua) ya 9 hadi 10, wakati unywele unapenda mazingira ya asidi kidogo. Kwenye pH ya juu magamba ya juu ya unywele hunyanyuka, unywele unakwaruzana na mwenzake, na maji yaliyomo hutoka kirahisi. Ule ukavu wa kukwaruza unaousikia vidoleni baada ya sabuni, ambao wengi huuita usafi, ndio magamba yaliyonyanyuka.

Umefanya vizuri kama ngozi ni safi na haina utelezi wa mafuta, lakini unywele bado unakunjika mkononi bila kukwaruza.

## Hatua ya 4: Kondishena, na kuchana kwa utulivu

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu kwa uangalifu, iwe hii. Nywele nyingi zinazokatika nyumbani hukatikia hapa, mikononi mwa mwenye haraka.

Chukua sehemu moja ya kichwa. Nywele ziwe zimelowa kweli kweli, maji yakichuruzika. Paka kondishena nyingi kuanzia ncha, panda mpaka karibu na shina. Sasa tumia vidole. Shika sehemu hiyo katikati kwa mkono mmoja, mkono mwingine upapase ncha, utafute mafundo na kuyaachanisha. Fundo likikaidi, ongeza maji kwanza, kisha kondishena. Usivute. Likizidi kukaidi, liweke kwenye kiganja, lipanue kwa pande zote kwa vidole viwili, kama unayefungua kifundo cha uzi mwembamba usiotaka ukatike, mpaka uone mwanga ukipita ndani yake. Unywele uliojifunga utauona. Utoe kwa juu, usiupitishe chini.

Vidole vikipita bila kukwama ndipo unashika chanuo. Anza sentimita 3 za mwisho. Zikipita, panda juu kidogo. Ukianzia shinani unasukuma mafundo yote madogo yakutane chini na kuwa moja kubwa, kisha unalikata bila kupenda.

Sikiliza. Chanuo likipita vizuri halina sauti. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, simama, rudi kwenye maji na vidole.

Ukimaliza sehemu moja, isokote mara mbili tatu uibane, ndipo uende ya pili. Mwenye nywele nyingi atatumia dakika 40 au zaidi. Kaa chini, weka ndoo karibu, usifanye kazi hii umesimama huku chakula kiko motoni.

### Kama huna kondishena ya kutosha: bamia

Ute wa bamia unateleza vizuri na ni rahisi kuupata sokoni. Kata bamia 8 vipande, chemsha kwenye vikombe 2 vya maji kwa dakika 10 hadi 15 mpaka maji yawe mazito na yavutike. Chuja yakiwa bado ya moto, kwa sababu yakipoa ute hukataa kupita kwenye kitambaa. Tumia soksi ndefu safi ya kike au kipande cha shela, ukikamua kwa kijiko. Changanya nusu kwa nusu na kondishena uliyonayo. Kinachobaki kiwekwe kwenye friji na kitumike ndani ya siku 3. Kikianza kunuka, mwaga.

Ute huu unasaidia kuteleza na kuchana. Hauchukui nafasi ya hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Joto la mvuke, mara moja kila wiki mbili

Ukiwa na kondishena bado kichwani, vaa kofia ya kuogea. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue mpaka lisidondoshe tone, lijaribu kwenye mkono wa ndani, kisha ulizungushe juu ya kofia. Kaa dakika 20 hadi 30. Likipoa, lichovye tena.

Joto la unyevu husaidia kondishena kushika vizuri zaidi, hasa kwa nywele ambazo maji husimama juu yake kama vitone bila kuingia. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa usiutegemee badala ya kofia, umepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Kofia ya kuogea moja inakaa miezi.

Usikae karibu na jiko ukiwa na plastiki kichwani, na usimfanyie mtoto mdogo hatua hii. Ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe huoni kitu.

## Hatua ya 6: Suuza, kisha suuzo la mwisho

Suuza kondishena kwa maji ya kawaida mpaka nywele ziache kuteleza sana lakini ziwe bado laini. Halafu chukua lita 1 ya maji laini uliyoyatenga, tia kijiko 1 cha chakula cha siki, mimina kichwani polepole. Iache dakika moja, malizia na maji laini yaliyobaki. Harufu ya siki hutoka nywele zikikauka.

Siki hulegeza mabaki ya madini na kuyalaza magamba ya unywele. Iwe ya tufaha au nyeupe ya kawaida, asidi ni ile ile. Kinachojalisha ni kuichanganya na maji. Siki tupu huunguza ngozi, na mwenye vidonda kichwani au aliyetoka kuweka dawa airuke hatua hii.

Usibadilishe siki kwa limau. Juisi ya limau ni kali, na ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani inaweza kukuunguza na kuacha alama nyeusi shingoni na kwenye paji la uso.

## Hatua ya 7: Kausha nusu

Kandamiza nywele kwa fulana ya pamba. Usizisugue kwa taulo, vitanzi vyake hunasa nywele. Acha ziwe na unyevu wa kutosha kiasi kwamba ukizibana mkononi kiganja kinalowa lakini hakuna tone linalodondoka. Hali hiyo haidumu, hasa feni ikiwa inazunguka, kwa hiyo krimu na mafuta viwe vimeshafunguliwa pembeni.

## Hatua ya 8: Fungia maji

Hapa ndipo sasa mafuta yanapata kazi yake.

Fungua sehemu moja. Kama imeanza kukauka, ipulizie maji. Chukua krimu au kondishena ya kuacha, kiasi cha nusu kijiko cha chai, sugua viganjani, kisha paka ukianzia ncha. Ncha ndiyo sehemu kuukuu kuliko zote: nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ncha ya nywele za sentimita 24 imeshakula jua, kitana na mto kwa miaka miwili. Ipe haki yake kwanza. Shina litapata kinachobaki mkononi.

Baada ya krimu, mafuta. Matone 3 au 4 kwa sehemu yanatosha. Nywele nyembamba zitumie ya nazi. Nywele nene na ngumu zitumie ya mnyonyo yaliyochanganywa na mengine mepesi, kwa sababu ya mnyonyo yakiwa peke yake ni mazito, hunata, na yakipakwa kwa wingi yanaweza kuzigandamanisha nywele. Siagi ya shea, ile inayotoka kaskazini mwa Uganda ikiwa laini kuliko ya Afrika Magharibi, ni nzuri sana kwa ncha. Mafuta ya mgando nayo yana nafasi. Ni ya bei ndogo na hakuna yanayozuia maji kutoka kuliko hayo, ila yapake kwenye ncha tu, juu ya unyevu, na ujue hayatoki bila shampuu.

Mafuta hayaendi kwenye ngozi ya kichwa. Ngozi inatengeneza yake.

Kuhusu glisarini, watu wanabishana sana, na jibu linategemea unaishi wapi. Glisarini huvuta maji kutoka pale yalipo. Tanga, Zanzibar, Mombasa na Dar kuna unyevu mwingi hewani, kwa hiyo kijiko 1 cha chai ndani ya kikombe cha maji kwenye chupa ya kupulizia hufanya kazi nzuri. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na glisarini haina pa kuvuta isipokuwa kwenye unywele wenyewe. Huko iache, tegemea krimu na mafuta mazito. Na popote ulipo usiitumie bila kuichanganya, itanata na kuvuta vumbi.

Kipimo cha kufaulu: nywele zikikauka kabisa, zishike. Ziwe zinabonyea na kurudi, ziwe baridi kidogo mkononi, na kiganja chako kisibaki kinang'aa. Kiganja kiking'aa, umezidisha mafuta. Nywele zikiwa ngumu japo umepaka kila kitu, zilikuwa zimeshakauka kabla hujapaka.

## Hatua ya 9: Zifunge, zilale vizuri

Suka mabutu au twisti kubwa zisizobana. Ncha zikiwa ndani ya msuko hazisuguliwi. Ukisuka ukahisi maumivu, au ukaona vipele vidogo pembeni mwa uso, fumua leo hii. Msuko unaobana ukirudiwa miaka mingi hung'oa nywele za mbele, na vinyweleo vikishafanya kovu haviotishi tena.

Usiku vaa satini. Foronya ya pamba hunyonya maji uliyohangaika kuyafungia mchana kutwa, na kila ukigeuka inakwaruza. Kitambaa cha satini kipande kimoja fundi anakushonea kofia mbili.

Mvaa hijabu ana jambo la kuangalia zaidi. Kikofia cha ndani cha pamba kinachobana kinasugua mstari ule ule wa mbele kila siku. Tia bitana ya satini, badilisha mahali unapofungia fundo, na usifunike nywele zilizolowa. Unyevu uliofungiwa kutwa nzima kwenye joto la pwani huleta harufu, muwasho na kuvu.

## Katikati ya wiki

Usioshe upya. Siku ya 3 au ya 4 nywele zikianza kuwa ngumu, pulizia maji kwenye twisti mpaka ziwe na unyevu kiasi, si kulowa. Pitisha krimu kidogo kwenye ncha, tone la mafuta, basi. Ukiongeza mafuta bila kupulizia maji umerudi ulikotoka.

Ukienda kuogelea baharini au bwawani, lowesha nywele kwa maji baridi safi na upake kondishena kidogo kabla ya kuingia. Unywele ulioshiba hauna nafasi kubwa ya kunywa maji ya chumvi au klorini. Ukitoka, suuza siku hiyo hiyo.

## Vya jikoni ambavyo vinakupotezea muda

Yai: protini yake ni kubwa mno kupenya unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani. Kulitoa vipande vipande ni adhabu. Parachichi lililopondwa nalo huacha nyuzi ndogo kwenye nywele. Kama unapenda parachichi, nunua mafuta yake, na tunda ule. Asali kijiko kimoja ndani ya kondishena haina ubaya, huvuta maji kama glisarini, lakini suuza vizuri.

## Umefuata yote na bado ni kavu?

Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu kwa vidole viwili. Ukivutika kidogo na kurudi, uko salama, endelea tu kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhukumu. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, bado hauna maji: rudia hatua ya 5 kila wiki na urudi kukagua maji yako. Ukivutika sana, ukawa kama mpira uliochoka na usirudi, umeharibiwa na dawa, rangi au pasi ya moto. Huo hautibiki kwa krimu yoyote. Punguza kidogo kidogo kila baada ya miezi miwili mitatu wakati mpya zinakua.

Ncha iliyopasuka pia haiungani tena, chochote kilichoandikwa kwenye chupa. Ikate kwa mkasi wa nywele wenye makali. Mkasi wa jikoni huisaga na kuipasua zaidi.

Kama krimu zote zinakaa juu na kufanya weupe, huenda una mabaki ya miezi mingi ya mafuta ya mgando. Osha mara moja kwa shampuu kali zaidi, yenye Sodium Lauryl Sulfate, kisha anza upya kuanzia hatua ya 4. Mara moja tu, usiifanye mazoea.

## Wakati wa kumwona mtaalamu wa afya

Nenda hospitali ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, hasa kwa mtoto, yenye magamba na muwasho. Hayo yanaweza kuwa mapunye. Mapunye ya kichwani kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza inayoandikwa na daktari; ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele. Na yanaambukiza, kwa hiyo tenga chanuo, taulo na kofia ya mtoto huyo kuanzia leo.

Nenda pia ukiona nywele zimekuwa kavu ghafla na wakati huo huo unachoka sana, unahisi baridi kuliko wenzako, au unaongezeka uzito bila sababu. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango huanza hivyo, na upungufu wa madini ya chuma nao huonekana kwenye nywele. Vipimo vyote viwili ni vya damu.

Mama aliyejifungua miezi mitatu hivi iliyopita na nywele zinamtoka kwa mashada, hali hiyo ni ya kawaida na mara nyingi hujirekebisha ndani ya mwaka. Asuke twisti nyepesi, aahirishe dawa na rasta nzito, na asipunguze chakula. Zikiendelea kutoka baada ya mwaka, apime damu.